Mifupa ya Neema Bado Inajengwa

Nekesa mwanangu,

Mjomba wako atafika na pickup kabla jua halijatoka, na wewe ukiwa na safari huwa husikii mtu. Utakuwa unazunguka nyumba ukitafuta chaja, mama yako atakuwa anafunga chapati, na mimi nitakuwa nje nikimweleza mjomba wako njia anayoijua kunishinda. Kwa hivyo naandika sasa, nyinyi wawili mkiwa jikoni, na Neema ameshika suruali yangu chini ya meza akijaribu kusimama.

Sitakwambia uvae sweta. Sitakwambia uweke kitambulisho mahali utakiona. Mama yako amesema hayo yote na bado atayasema kesho mkiwa kwa gari. Mimi nataka tuongee juu ya lile jambo tulilokubaliana Jumapili, kwamba unaenda Kimilili kuanza kazi ya ualimu, na mtoto wako Neema anabaki na sisi hapa Kitengela mpaka ujipange. Nasema "tulikubaliana" kwa mazoea tu. Ni mimi nilisema. Wewe uliangalia sahani yako, na mama yako aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Hivyo ndivyo makubaliano hufanyika katika nyumba hii.

Niliwapa sababu. Mshahara wa kwanza hukawia, chumba bado hujapata, yaya wa kuaminika si rahisi kupata, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa hawezi kuketi nyuma ya darasa lako akikusubiri. Zote ni za kweli. Lakini si hizo zilizonifanya niseme, na nitafika hapo. Kwanza niache niongee juu ya mifupa, na usianze kugeuza macho. Najua umesikia hii hotuba yangu mara nyingi. Hujawahi kuisikia yote, kwa sababu kila nikifika mahali fulani huwa nakohoa na kuuliza chai iko wapi.

Mimi nimefanya kazi ya saruji tangu nikiwa kijana, na kwa miaka mingi niliamini mfupa ni kama nguzo ya zege. Umemwagwa, umekauka, umekwisha, kazi yake ni kusimama tu. Kumbe sivyo. Mfupa uko hai, Nekesa. Ndani yake damu inapita, na uboho ulio katikati ndio unaotengeneza hiyo damu yenyewe. Tena kuna chembechembe za aina mbili ambazo hazilali. Moja inabomoa mfupa uliochoka, nyingine inafuata nyuma ikijenga mpya. Ukiwa mtoto wajenzi wanawashinda wabomoaji, ndiyo maana unarefuka. Ukifika umri wangu wabomoaji wanaanza kuwashinda wajenzi, ndiyo maana mama yako ananikataza kupanda ngazi.

Na vifaa vyao ni viwili. Kuna nyuzi ngumu za protini, ambazo ni kama nondo, na kuna madini, hasa kalsiamu na fosfeti, ambayo ndiyo saruji yenyewe. Nyuzi bila madini, mfupa unapinda. Madini bila nyuzi, unavunjika kama chaki. Hilo halikunipa shida kuelewa, ni mambo ya mjengo. Lililonisumbua ni kwamba hao wajenzi hawachagui. Wanajengea kile damu imewaletea siku hiyo, na damu inaleta kile umekula na kile umekunywa. Hakuna foreman wa kusimama hapo aseme lori hili lirudi.

Sasa unajua mimi nilikulia wapi. Kule nyumbani, upande huo huo wa Kimilili, kulikuwa na chemchemi chini ya mlima, maji baridi, yana ladha ya majani. Dada yangu Nabwile alikufa kwa taifodi nikiwa shule ya msingi. Walisema ni maji. Sijawahi kujua kama ni kweli, lakini nilitoka kwenye lile kaburi nikiwa mtu wa kuchemsha maji, na nilipokuja huku kutafuta kazi nilikuja na hiyo tabia kama mtu anavyokuja na blanketi. Tukapanga hapa kwa plot ya Mama Naserian. Maji ya kisima kirefu, ya kupampu, yana chumvichumvi, ukifua sabuni inakataa kutoa povu. Nikaambia mama yako, haya tutayachemsha.

Na nikayachemsha, jamani! Watu wengine huchemsha mpaka maji yatokote. Mimi nilichemsha mpaka sufuria ibaki nusu. Niliamini kwamba maji yakitokota kidogo vijidudu vinazirai, na yakitokota saa nzima ndiyo vinakufa kabisa. Gesi ilikuwa inaisha kabla mwezi haujafika katikati. Wapangaji waliniita Baba Mvuke, na mimi nilitembea na hilo jina kama mtu aliyepewa cheo. Wewe ulizaliwa ukayakuta hayo maji kwenye jagi la bluu, na hukuwahi kunywa mengine. Shuleni ulikuwa unabeba chupa yako, ukikatazwa kabisa kugusa za wenzako.

Meno yako ya utotoni yalikuwa mazuri. Haya ya ukubwani yalitoka na mistari ya kahawia, na mimi nikasema ni uvivu wa kusugua. Unakumbuka karai pale nje. Nilikusimamia na mswaki, baadaye na majivu, baadaye na mkaa uliosagwa, ukasugua mpaka ufizi ukatoka damu, na bado nikasema ongeza. Ile rangi haikuwa juu ya jino. Ilikuwa imejengwa ndani, tangu jino likiwa bado limejificha kwenye taya, miaka kabla hujaliona kwenye kioo. Hakuna mswaki ungefika huko. Mpaka leo ukicheka unaweka mkono mdomoni, na kila nikiuona huo mkono naumia, Nekesa. Sijawahi kukwambia, lakini naumia.

Ulipokuwa karibu kuanza shule ya msingi walikuja watu wa kikundi fulani cha kanisa na ndoo. Ndoo mbili, moja juu ya nyingine, na bomba chini. Wakatuita wapangaji wote tukae pale kwa kivuli cha tangi. Kijana mmoja akaeleza kwamba maji ya huku yana madini yanaitwa floraidi, kwamba kidogo yanasaidia meno lakini yakizidi yanaharibu meno na mifupa, na kwamba hizo ndoo zinayachuja.

"Yanapita wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mifupa ya ng'ombe, mzee. Imechomwa ikawa mkaa, ikasagwa."

"Ng'ombe wa nani? Alikufa na nini?"

Watu wakacheka. Nikaona wamecheka, nikainuka. Nikasema mimi nikitaka supu naenda bucha, nikitaka maji nakunywa maji, sijafika mahali pa kunywa vyote kwa kikombe kimoja. Wakacheka zaidi. Wewe ulikuwa umekaa kwa mguu wangu na ukacheka pia kwa sababu baba yako alikuwa amechekesha watu. Nikamaliza kwa kusema kwangu tunachemsha, na anayetaka afya aje aone sufuria yangu. Nusu ya plot ilirudisha zile ndoo siku hiyo hiyo, na mimi nikajiona nimewaokoa.

Mama Naserian hakurudisha yake. Alinisimamisha langoni jioni, akanisalimia kwa Kimaasai, "Sopa, Baba Nekesa," nikajibu "Ipa," akaniambia, "Wewe Jumamosi zote unakunywa supu ya mifupa mpaka unalamba bakuli. Leo mfupa umekuwa mchafu?" Nikamwambia hayo ni mambo mengine. Akatikisa kichwa akaenda zake. Naserian wake wakati huo alikuwa anatambaa.

Nimekuja kuelewa zile ndoo zilikuwa zinafanya nini. Mfupa unaipenda floraidi. Ukikutana nayo unaishika, na hauchagui kama uko hai au umekufa. Ule mkaa wa mifupa ulikuwa unaishika floraidi kwenye ndoo, ili mifupa ya mtoto isiishike yenyewe. Ni jambo rahisi hivyo. Kile kikundi kilikuwa kinakuja kubadilisha ule mkaa ukishajaa, wakaja miaka kadhaa, kisha wakaacha kuja. Lakini Naserian alikuwa ameshapata miaka yake. Sasa hivi ako kidato cha nne, plot ile ile, kisima kile kile, na akicheka pale langoni anafungua mdomo wote. Huwa namsalimia haraka nikaingia ndani.

Ukaanza kulalamika magoti. Nikasema ni kukua. Kisha mama yako akaona sketi yako ya shule inakaa upande, akakusimamisha wima mbele ya kabati, na visigino vikiwa pamoja magoti yako hayakukutana. Tukakupeleka hospitali moja kule mjini Kajiado. Yule daktari alikuwa msichana, nilitaka kuuliza mkubwa wake yuko wapi. Akaweka picha yako ya eksirei kwenye taa. Mifupa yako iling'aa, myeupe kuliko nilivyotarajia, nami nikafurahi.

"Si hiyo inamaanisha ni migumu?" nikasema.

"Imejaa, mzee. Imejaa vitu ambavyo si vyake. Mfupa kama huu unaonekana mzito, lakini hauna nguvu unayofikiria." Akanionyesha pale karibu na goti, mwisho wa mfupa wa paja na mwanzo wa muundi, akasema mtoto hukulia hapo. Kuna ukanda laini ambao unaongeza urefu kidogo kidogo, na ukishafungwa mtu amemaliza kukua. Ukanda wako ulikuwa umekua vibaya, na kalsiamu ya chakula haikutosha kupigana na kile kilichokuwa kinaingia. Akauliza, "Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima," nikasema, "lakini sisi huchemsha."

"Kwa muda gani?"

Nikamwambia kwa majivuno. Mpaka yabaki nusu.

Aliweka kalamu chini. Hakunicheka, na mimi ningependa angenicheka. Akaniuliza, "Baba, ukiweka chumvi kwenye supu, halafu uiache jikoni ikauke mpaka nusu, inakuwaje?"

Nikajibu, "Chumvi inazidi." Nikajisikia nikijibu. Wewe ulikuwa umekaa pale kitandani miguu inaning'inia, ukaniangalia, na mama yako akaangalia dirisha. Mvuke ulikuwa unaondoka na maji. Floraidi ilikuwa inabaki kwenye sufuria, na mimi nilikuwa nakumiminia wewe kwa kikombe, kila asubuhi, nikikushika kidevu umalize.

Hapa ndipo huwa nakohoa.

Wazee wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nilikusomea hiyo methali mara ngapi ukiwa mdogo? Wewe ulisikia la mkuu. Ulisikia kila siku bila kubisha, hukunywa maji ya wenzako hata siku ya joto, na guu likapinda. Jirani yetu ambaye watoto wake walikuwa wanakunywa tu kwa bomba bila kuchemsha, walitoka na meno ya kahawia lakini miguu iko sawa. Sina la kuongeza juu ya hiyo. Niliwaza hayo kwa miaka na sijapata namna ya kuyapunguza.

Siku ile ya hospitali tukirudi nilipita bucha nikanunua mguu wa mbuzi, kwa sababu nilikuwa sijaelewa goti na nilitaka kuliona. Nikaupasua pale mezani kwa kisu cha mama yako. Ukanisogelea. Nikakuonyesha pale mfupa unakutana na mfupa kuna gegedu nyeupe, laini, inateleza, na kuna ute kidogo kama yai bichi wa kulainisha, na kano zinazofunga vyote visitoke mahali pake. Daktari alikuwa amesema gegedu haina damu yake, kwa hivyo ikilika haijirekebishi kama mfupa. Goti lililopinda linaikalia upande mmoja. "Ndiyo maana inauma upande huu?" ukauliza, ukagusa goti lako. Nikasema ndiyo. Mama yako akaingia akauliza, "Sasa hiyo nyama tutakula lini, nyinyi wanasayansi?" na tukacheka watatu mpaka tukafuta macho. Sijui kwa nini tulicheka hivyo. Nadhani ilikuwa lazima kitu kitoke.

Ulitaka kuwa askari. Nilikuwa nimesimama kwa ua wa uwanja nikikushikia viatu siku ya kuandikisha. Afisa aliyekuwa akiwakagua aliwafungua midomo kama mnunuzi wa ng'ombe siku ya soko, akakuruka, akarudi, akakuambia simama visigino pamoja, akapitisha ngumi yake katikati ya magoti yako. "Toka kwa laini," akasema. Ulikuja ukachukua viatu mkononi mwangu ukasema, "Twende, Baba." Hukulia. Ulivaa viatu tukiwa tumefika barabarani. Ualimu ulikuja baadaye, na najua unaupenda, sisemi umekosa maisha. Nasema niliona ile ngumi ikipita bila kugusa popote, na nilijua ni sufuria yangu iliyofungua ile nafasi.

Sasa nimefika kwa Neema.

Nekesa, sikusema abaki kwa sababu ya yaya wala mshahara. Nilisema kwa sababu nilitaka kurudia. Tangu alipozaliwa nimekuwa nikisema kimoyomoyo kwamba huyu nitamfanya sawa. Nilinunua tangi la mvua. Nilisoma. Nilijua utosi wake utafunga lini, nikawa naugusa kwa kidole nikisikia unavyopiga, mifupa ya kichwa ikisogeleana polepole ili kumwachia ubongo nafasi ya kukua. Kila ukimwogesha huwa natafuta sababu ya kupita hapo niangalie miguu. Imepinda kidogo, na mtoto wa umri wake ni kawaida, itanyooka yenyewe akitembea, lakini mimi naangalia tu. Nilitaka miaka saba au nane ya huyu mtoto, miaka ile ambayo meno yake yanatengenezwa ndani ya taya na mifupa yake inachukua kila kitu, ili akikua acheke mdomo wazi na mimi nipate kupumzika. Niliona nimepewa mtihani wa kurudia. Neema si mtihani wangu. Ni mtoto wako.

Na hata kama angekuwa mtihani, nimeshauanguka. Ulipoenda Kimilili kwa ile interview ukamwacha na sisi, tangi la mvua lilikuwa limekauka. Kuna kijana wa bowser, lile lori la maji, anasema anauza maji matamu kutoka mbali. Mimi mwenyewe nimemwona akijaza pale kwa kisima cha chini, nyuma ya duka la vifaa, maji yale yale ya huku. Nikawa nanunua ya chupa. Jumapili mama yako akaenda kanisani, chupa zikawa zimeisha, mtoto analia njaa, jua ni kali, na duka liko ng'ambo ya barabara. Nikafungua bomba. Nikapika uji. Nikajiambia mara moja haina shida. Jumatatu chupa bado hazijanunuliwa, nikafungua bomba tena. Mama yako akatoka kwa chumba akanipata na mwiko mkononi.

Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Nekesa. Hata na huyu?"

Akamwaga uji uliobaki, akavaa viatu, akaenda dukani mwenyewe. Hakukwambia, na mimi sikukwambia, na Jumapili iliyofuata nikaketi pale mezani nikatangaza Neema atabaki kwangu. Uji wa siku mbili haumpindi mtoto, nilimuuliza daktari wa kliniki akaniambia nisiwe na hofu. Mfupa hauharibiwi na siku mbili. Unaharibiwa na mtu ambaye kila siku anasema leo tu, na mtu huyo ni mimi, nimemjua uzeeni. Nampenda Neema kuliko nilivyowahi kupenda kitu, na nilifungua bomba. Wewe ungevuka barabara. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na siioni ikiisha.

Mama yako ameniambia unamwachisha ziwa kwa haraka, unapaka shubiri. Acha hiyo kitu usiku wa leo. Najua si mambo ya baba kusema lakini nitasema. Maziwa yako ndiyo maji safi kuliko yote katika plot hii, floraidi inayopita humo ni kidogo sana hata kama mama amekunywa ya kisima. Mwili wako unatoa kalsiamu kwenye mifupa yako wewe unampa yeye, halafu akishaacha kunyonya wajenzi wanaanza kukurudishia. Wale wajenzi wako bado wako kazini, wewe bado ni kijana. Kwa hivyo kunywa maziwa, kula hao samaki wadogo wa omena na vichwa vyao, kula mboga za huko kwetu, na umtoe nje kwa jua la asubuhi, kwa sababu bila jua mwili unashindwa kuitumia hiyo kalsiamu. Ukisimama darasani goti likianza kuuma, keti. Mwalimu akifundisha ameketi hesabu hazibadiliki.

Maji ya huko uyachemshe. Ndiyo, ni mimi nasema. Maji ya chemchemi yana vijidudu, na vijidudu vinakufa yakitokota vizuri, basi unatoa sufuria motoni. Usiongeze hata kidogo kwa heshima yangu. Na kama shule inatumia kisima kirefu, uliza kimepimwa nini. Usiamini maji ya nyumbani kwa sababu baba yako ana kumbukumbu nzuri nayo. Mimi nilikuwa mtoto, kila kitu kilikuwa kitamu.

Chumba utapata. Nimempigia shemeji yangu wa Kimilili mchana, mkewe amesema mtakaa kwao mpaka upate, na binti yao aliyemaliza shule atamshika mtoto ukiwa darasani. Ningeweza kumpigia wiki iliyopita. Sikutaka aseme ndiyo.

Mambo ya pesa za mwanzo mimi na mama yako tutaona. Kuhusu kutembea kwa Neema, najua kumebaki kidogo. Hapa chini ya meza ameachilia suruali yangu mara mbili nikiandika, akasimama peke yake, akatikisika, akaketi. Nilikuwa nimetaka sana nione hatua ya kwanza. Nimemwona akisimama, itatosha. Akitembea nipigie, usiniandikie.

Mama yako alikuwa na akili kunishinda kama kawaida. Leo nikitafuta viatu vyangu chini ya kitanda nimepata begi la Neema limefungwa, nguo zote, kadi ya kliniki, hata kijiko chake. Amelifunga tangu Jumapili, nadhani, akaliweka pale akingoja nipate akili. Nimelirudisha na sijamwambia nimeliona, lakini nimeongeza kofia.

Basi kesho itakuwa hivi. Mimi ndiye nitambeba mpaka kwa gari, hilo msininyime. Lakini najijua, Nekesa. Tukifika pale nitasema amechemka mwili. Nitasema yuko na usingizi, nitasema abaki wiki moja tu, nitamleta mwenyewe. Nitasema kwa ile sauti yangu, na wewe umezoea kuitii hiyo sauti tangu ukiwa mtoto. Kesho usiitii. Hata nikiwa bado naongea, hata mjomba wako akikuangalia vibaya, nyoosha mikono umtoe kifuani kwangu, na ufunge mlango.

Baba yako